Nusu ya Ubatizo

Makala, yaani makaa ya kupikia, yanapoanza kushika moto hutoa harufu ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyekulia katika vilima vya Bukavu. Si moshi tu. Kuna harufu ya kipande cha plastiki kilichotumika kuwashia, kuna harufu ya mkaa ulionyeshewa njiani kutoka Kalehe, na chini yake kuna harufu ya bati la mbabula yenyewe, lile jiko dogo lenye matundu ubavuni, likianza kupata joto. Watu wengine harufu hiyo huwakumbusha chakula: maharage, ugali wa muhogo, sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakakauka. Mimi hunikumbusha milele. Nina miaka ishirini na sita, nina shahada ya sheria iliyofungwa ndani ya plastiki ili unyevu usiile, sina kazi, na kila asubuhi ninapowasha mbabula ya maman, kabla sijateleka sufuria, mkono wangu wa kulia husogea wenyewe juu ya makala na moyo wangu huanza kuhesabu. Huwa sifiki mbali. Nikiuondoa mkono hujiambia kwamba mwanamke aliyesoma haogopi vitu vya namna hii, kisha nakaa nikijiuliza kwa nini basi nimehesabu.

Nilijifunza kuhesabu hivyo nikiwa na miaka tisa, katika msimu mmoja wa mvua, mwaka niliojiandaa kupokea komunyo ya kwanza. Kila Jumamosi tulipanda ngazi za udongo hadi kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa la parokia yetu, watoto kama thelathini, viatu vyetu vikiwa vizito kwa matope. Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Zakaria, mtu mwembamba, mpole, aliyevaa kila mara koti lilelile la kijivu. Zamani alikuwa karani wa posta, enzi ambazo barua zilikuwa bado zinafika, na nadhani alibaki na tabia ya karani: alitaka kila kitu kifike mahali pake, na roho zetu zaidi ya vyote. Nasema alikuwa mpole kwa sababu ningependa ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuwahi kutupiga wala kutufokea. Alitupenda. Ndiyo maana tulimwamini.

Jumamosi ya somo la jehanamu alikuja amebeba mbabula ya mkewe, makala yakiwa tayari mekundu. Aliiweka katikati ya darasa, akatupanga mstari. “Mulete mukono,” alisema. “Munaweka juu, muhesabu. Nani anaanza?” Aliyeanza alikuwa Bahati, kijana wa jirani yetu aliyejisifu kwa kila jambo. “Mimi nitafika cent!” alisema, yaani mia, na darasa zima likaanza kumhesabia kwa sauti kubwa, kwa Kifaransa kama tulivyozoea shuleni: un, deux, trois. Alifika six, akarusha mkono na kuupuliza. “Ni upepo, mwalimu! Upepo imeleta moto kwa upande yangu. Bila upepo ningefika!” Tulicheka mpaka machozi. Zamu yangu ilipofika nilifumba macho. Nilisikia kwanza joto zuri, kama la chai, kisha kitu kama sindano nyingi, kisha nikaona nimeshauondoa mkono na wenzangu wamesimama kwenye quatre, nne.

Mwalimu Zakaria hakucheka. Alisubiri tuketi, akasema taratibu, kama mtu anayesoma anwani: “Bahati, six secondes. Nsimire, quatre. Sasa muniambie. Milele iko na secondes ngapi?” Akajijibu mwenyewe: “Mutu akianza kuhesabu leo, akahesabu mpaka hii ziwa ikauke yote, milele haiyaanza ata.” Alituonyesha dirishani. Chini kule ziwa lilikuwa limelala tuli, la rangi ya bati. Akatuambia kwamba ndani yake, chini kabisa, kuna gesi inayoweza kuwaka, na kwamba tetemeko la ardhi linapopita chini ya miguu yetu tujue kuwa kule chini hakujapoa. Sijui kama alitaka tuunganishe mambo hayo mawili. Sisi tuliyaunganisha. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, makala ya kule, nani anaileta?” Watu wakacheka tena, kwa kuwa nyumbani kwetu sote kununua makala lilikuwa neno la kila siku. Mwalimu Zakaria alimtazama kwa huruma. “Dhambi yako ndiyo makala, mutoto wangu. Kila mutu anabeba yake.” Baada ya hapo hakucheka mtu.

Tangu siku hiyo nikawa nabeba. Nikila sukari kwa siri, kipande kimoja. Nikimjibu maman kwa mdomo mrefu, kipande kimoja kikubwa. Nilikuwa mtoto wa kufikiri sana, na maman alizoea kuwaambia wageni, nusu kwa kujivuna na nusu kwa wasiwasi, “Huyu, kichwa yake hailale.” Ila kilichonikosesha raha zaidi hakikuwa moto wangu. Nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu Mugisho, ambaye alikuwa bado hajabatizwa.

Papa, baba yetu, alikuwa fundi wa mashine za kusagia mawe ya dhahabu huko Kamituga. Alikuwa ameondoka kabla Mugisho hajazaliwa, na alikuwa ametuma neno kwamba mtoto wake wa kiume asipelekwe kanisani mpaka yeye mwenyewe aone kwa macho yake. Mvua zikaja, barabara ikakatika. Malori yalilala kwenye matope siku nyingi, na pikipiki zilizofanikiwa kupita zilileta habari, si watu. Kila mara papa alipopata mahali penye mtandao alipiga simu na kusema, “Juma lijalo.” Juma lijalo lilikuja na kupita. Mugisho alitimiza miezi minne akiwa na jina tu, bila maji.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo kwetu halikuzungumzwa. Kati yangu na Mugisho alizaliwa mtoto mwingine, wa kike, akaishi siku mbili, akafa kabla padri hajaitwa. Nilimkumbuka kama kitambaa kilichokunjwa mikononi mwa maman. Jumamosi moja, baada ya somo, nilibaki nyuma nikamuuliza Mwalimu Zakaria mtoto kama huyo yuko wapi. Alivua miwani yake akaifuta. Alisema wazee waliomfundisha yeye walisema watoto wa namna hiyo hawachomwi. “Wanakaa pembeni,” alisema. “Hawaumie. Lakini uso ya Mungu hawaione.” Nikauliza ni mbali kiasi gani. Akasema hajui. Nilishuka ngazi nikimwona dada yangu ameketi peke yake kando ya barabara ndefu ya matope, haumii, hasikii baridi, anasubiri gari ambalo halitapita.

Pengine Mwalimu Zakaria alilisoma swali langu vizuri kuliko nilivyofikiri, kwa maana Jumamosi iliyofuata alitufundisha jambo ambalo halikuwa katika daftari letu. Alikuja na shu, yaani kabichi, kubwa, la duara, akalivika kitenge mpaka likaonekana kama kichwa cha mtoto. Alituambia kwamba pale kifo kinapokaribia na padri hayupo, mtu yeyote aweza kubatiza, hata mwanamke, hata mtoto, hata asiye Mkristo, mradi amwage maji kichwani na kutaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, akikusudia lile ambalo Kanisa linakusudia. Kila mmoja wetu akaja mbele na kikombe. Bahati alimwaga maji mengi mpaka kitenge kikalowa. “Yesu, Bahati, unaenda kuizamisha!” msichana mmoja alipiga kelele. Mwisho wa somo shu lilikuwa limebatizwa mara thelathini, na Mwalimu Zakaria, akilipangusa ili alirudishe kwa mkewe, akatuonya: shu ni mchezo, lakini mtu hubatizwa mara moja tu. Anayembatiza mtu mara ya pili, naye anajua, ameidharau sakramenti ya Mungu, na hiyo ni dhambi ya mauti. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na mabati yalikuwa bado yanadondosha matone. Tangu asubuhi Mugisho alikuwa moto, analia kwa sauti nyembamba iliyokuwa ikizidi kupungua. Maman alijifunga kitenge, akachukua mwavuli. “Nsimire, baki na mutoto. Minashuka ku pharmacie, minarudi sasa hivi. Usifungulie mutu mulango.” Nikabaki. Kwa dakika chache mtoto alilia, halafu akanyamaza. Wale waliowahi kukaa peke yao na mtoto mgonjwa wanajua kwamba kilio hakitishi kama kimya. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Nilimwita, hakugeuka. Nikamwona kando ya barabara ile ya matope, pamoja na dada yetu.

Nilichota maji kwenye bidoni, dumu letu la maji, kwa kikombe cha plastiki cha kijani. Nilimlaza kwenye mapaja yangu, kichwa kikiwa kwenye kiwiko, kama tulivyofanya kwa shu. “Mugisho, ninakubatiza kwa jina la Baba,” nikamwaga. Alishtuka kwa ubaridi wa maji. “Na la Mwana,” nikamwaga tena. Na hapo ardhi ikasogea. Kwanza ulikuja mngurumo, kama lori linalopanda mlima, kisha sahani zikaanza kugongana kabatini, kikombe kikaniponyoka, na nje majirani wakaanza kupiga kelele, “Inje! Mutoke inje bote!” Mtoto wa Bukavu hufundishwa kukimbia nje kabla hajafundishwa kusoma. Nilimkumbatia Mugisho nikakimbia. Mlangoni, au uani, au pengine ndani ya kichwa changu tu, nilisema “na la Roho Mtakatifu.” Lakini je, nilisema? Na kama nilisema, maji yalikuwa wapi? Kikombe kilikuwa kimebaki sakafuni, kimepinduka.

Tetemeko lilikuwa dogo, lilipita kabla mama wa jirani hajamaliza kumtaja Bikira Maria. Watu wakaanza kucheka kile kicheko cha kuona wako hai. Mimi sikucheka. Niliamini kwa moyo wote kwamba kule chini walikuwa wamenisikia, na kwamba walinikatiza makusudi. Maman alirudi mbio, kandambili moja mkononi, akamnyakua mtoto kutoka kwangu. Alipompapasa kichwa alisimama. “Mbona nywele yake imelowana?” Nikajibu haraka, “Ni jasho, maman.” Kipande kingine cha makala. Alinitazama, kisha akatazama ndani ya nyumba, kisha akaenda kumpa dawa.

Mugisho alipona. Siku ya tatu alikuwa akinyonya na kupiga teke, na kila mtu alishukuru isipokuwa mimi, kwa kuwa kupona kwake ndiko kulikonifunga. Angekufa, nilifikiri kwa hofu ya kufikiri hivyo, ningejua angalau kwamba nilifanya nilichoweza. Sasa papa akija, mtoto atapelekwa kanisani. Kama ubatizo wangu ulikuwa wa kweli, ule wa padri utakuwa wa pili, nami ninajua, na anayejua akanyamaza ni sawa na anayetenda. Kama haukuwa wa kweli, basi nimechezea jina la Mungu kwa maji ya bidoni, na nikisema ulikuwa wa kweli wakakubali, Mugisho atakua bila ubatizo wowote, na siku atakapokufa atakwenda kukaa pembeni kwa sababu yangu. Nililigeuza jambo hilo kila upande kama mtu anayetafuta mlango katika ukuta. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yalikuwa yamemwagika nusu, na sikujua la kufanya na nusu iliyobaki.

Jumamosi niliinua mkono. “Mwalimu, mutu akibatiza nusu, inakuwa namna gani?” Darasa lililipuka. “Nusu gani?” Bahati alipiga kelele. “Kichwa ao miguu? Miguu ndiyo inaenda kwa moto!” Hata Mwalimu Zakaria alitabasamu. Akasema Mungu hapimi kwa nusu kama wauza mafuta sokoni. Sakramenti ipo ama haipo. Kisha akaniangalia kidogo, tabasamu likaondoka. “Juu ya nini unauliza, Nsimire?” Nikasema nimeuliza tu. Lile jibu lake lilikaa kifuani mwangu. Ipo ama haipo. Na mimi peke yangu nilikuwa shahidi, nami nilikuwa sikumbuki.

Papa alifika juma moja kabla ya sikukuu yangu, amekonda, na matope ya Kamituga yamekauka hadi kwenye kola ya shati. Alimbeba Mugisho kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa. Usiku huohuo iliamuliwa kwamba mtoto atabatizwa Jumapili ileile nitakayopokea komunyo, katika misa moja, ili furaha iwe moja. Mjomba wa maman akatoka Kalehe na mbuzi. Shangazi wakaja na vyungu vyao. Nyumba ilijaa viazi, vitenge vilivyoshonwa sare, na watu waliokuwa wakiniambia, “Ehe, bibi arusi wa Yesu!” Kila mzigo ulioingia mlangoni uliniwekea jiwe mdomoni.

Ilibaki kuungama. Ijumaa jioni tulipelekwa kanisani, na watoto wote walitaka kwenda kwa Padri Anselme, mzee ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Ilijulikana mjini kwamba kila dhambi, iwe ndogo iwe kubwa, kwake ilikuwa Salamu Maria tatu. Ukipiga magoti upande wa kulia, alisikia. Upande wa kushoto aliitikia tu kwa kichwa. Nilipanga foleni nikiwa nimeamua kusema yote. Nilipofika, miguu yangu ilinipeleka kushoto. Nilisema sukari, nikasema mdomo mrefu, na kisha, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliisikia kwa shida, nikasema nusu ya ubatizo. Padri Anselme akatikisa kichwa. “Salamu Maria tatu,” akasema, akaniondolea dhambi.

Nilitoka nje nikiwa mwepesi kwa hatua kama kumi. Kisha kichwa kisicholala kikaanza. Nimeungama, ndiyo. Mungu amesikia. Lakini padri hakusikia, nami nilikwenda kushoto kwa sababu nilitaka asisikie. Sasa nilikuwa na nusu mbili: nusu ya ubatizo na nusu ya kitubio, na Jumapili ningeongeza juu yake mwili wa Kristo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha ndani ya sikio la mzee. Jumamosi sikula. Shangazi walisema ni utakatifu.

Jumapili asubuhi nilivikwa gauni jeupe na taji la maua ya plastiki. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshapigwa, maman akiwa mlangoni mwa kanisa na Mugisho ndani ya shali jeupe, papa akipigwa picha, mjomba akiuliza nani amefunga mbuzi. Nilijitoa kwenye mstari wa wenzangu. Nilizunguka kanisa, matope yakirukia soksi zangu, nikaingia sakristia bila kubisha hodi. Padri Anselme alikuwa anavaa kanzu, kichwa chake kikiwa bado ndani ya kitambaa. Nilisubiri kitokee. Nikaenda upande wa kulia.

“Padri, nilimubatiza mutoto nusu.”

Nilimwambia yote: shu, homa, kikombe cha kijani, tetemeko, jasho ambalo halikuwa jasho. Nilimwambia hata kuhusu sikio. Alisikiliza mkono mmoja ukiwa umeinuliwa ili wahudumu wanyamaze. Nilipomaliza aliuliza kwanza maswali mawili, kama mganga. Maji yaligusa kichwa? Ndiyo, padri. Roho Mtakatifu ulimtaja wakati wa kumwaga? Sijui, padri. Nikaanza kulia, kwa kuwa ndilo jibu nililokuwa nimelikimbia mwezi mzima. Akauliza, “Hii unaniungamia, ao unanipasha habari? Juu kama ni maungamo, ni siri, siwezi kuitumikisha.” Sikuwa nimefikiria hilo, mimi niliyefikiria kila kitu. Nikasema ni habari. Akacheka kidogo kifuani. “Haya. Enda upanguse pua. Mutu hawezi kupokea Yesu na makamasi.”

Sikujua atafanya nini. Nilikaa benchi la mbele, mikono imefumbatwa, nikingoja asimamishe sherehe na kuniita mbele ya mjomba na shangazi wote. Mugisho akaletwa kwenye kisima cha ubatizo. Watoto wengine wawili walitangulia, na Padri Anselme aliwabatiza kwa sauti ya kawaida iliyofika mpaka mlangoni. Alipofika kwa mdogo wangu aliinama, akashusha sauti, na mimi niliyekuwa hatua tatu tu kutoka hapo nikasikia: “Mugisho Paul, kama hujabatizwa, ninakubatiza kwa jina la Baba.” Akamwaga maji mara tatu. Watu wakaimba. Waliosikia lile neno tulikuwa wachache, nadhani: mimi, na maman aliyembeba mtoto. Maman aliinua uso kutoka kwenye maji akanitazama mimi moja kwa moja.

Nilipokea komunyo. Ilinata kwenye kaakaa kama kila mtu alivyosema itanata. Mbuzi aliliwa. Jioni maman alinivua gauni, akafungua vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, akasema nyuma yangu, “Ile siku, haikukuwa jasho.” Nikasema hapana, maman. Akaendelea na vifungo mpaka vikaisha. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla, sauti ya mtoto karibu: “Na yule wa siku mbili? Hakukuwaka mutu wa kumumwangia maji?” Aliketi kitandani, akaliweka gauni magotini, na akalikunja, likawa kitambaa kidogo mikononi mwake.

Baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilisoma kwamba Kanisa limeiweka sentensi ile kwa karne nyingi, kwa ajili ya watu wa mashaka: kama hujabatizwa. Sheria ina vifungu vya namna hiyo pia, na kila nilipokutana na kimoja nilihisi joto la sakristia. Nilisoma vilevile kwamba siku hizi wale watoto wa pembeni Kanisa huwakabidhi kwa huruma ya Mungu. Nilimpigia maman simu siku hiyo kumwambia. Akasema, “Ni vizuri,” kisha akaniuliza kama nimekula. Mugisho ana miaka kumi na saba, ana kichwa kikubwa, na nilipomsimulia habari hii mwaka jana alicheka akasema basi yeye amebatizwa mara moja na nusu, ana akiba. Ningependa kuwa na kichwa chake. Mimi niliyeumwa na nyoka, ung'ongo hunishtua. Hofu za mji wetu siku hizi zina majina mengine, na ni hofu za kweli, za watu wazima. Lakini zinapokuja, mwili wangu huzipokea kwa namna ileile uliyofundishwa, kwa kuhesabu.

Mwalimu Zakaria alifariki miaka mitatu iliyopita, na kwa kuwa nina shahada na sina kazi, parokia iliniomba nichukue Jumamosi zake. Nilikubali kwa masharti niliyojiwekea mwenyewe: shu, ndiyo, mbabula, hapana. Jumamosi iliyopita somo lilikuwa jehanamu. Sikubeba moto. Niliwaambia watoto yale niliyoyasoma, kwamba jehanamu si jiko, kwamba ni mtu kukaa mbali na Mungu. Niliona fahari kidogo. Ndipo msichana mmoja, Neema, ambaye baba yake yuko machimboni Kamituga na hajaonekana tangu mvua zianze, aliinua mkono. “Mbali namna gani, madame? Mbali ya kurudi, ao mbali ya kutorudi?”

Nikasema kitu. Sikumbuki nini, kitu kilichotoka vitabuni. Alikiandika kwenye daftari, akakipigia mstari, na somo lilipokwisha akaondoka bila kuwasubiri wenzake. Nilibaki nikikusanya madaftari katika chumba kilekile, dirisha lilelile, ziwa lilelile la rangi ya bati, na nikaelewa kwamba Mwalimu Zakaria alinipa mimi makala, na mimi nimempa huyu mtoto barabara, na sijui kati ya vitu hivyo viwili kipi kinaunguza kwa muda mrefu zaidi. Nikayaacha madaftari mezani. Nilishuka zile ngazi za udongo mbio, nikiteleza, nikimwita kwa jina mpaka wauza ndizi wakageuka. Alikuwa ameshafika chini barabarani. Alisimama. Nilipomfikia sikuwa na pumzi, na nilikuwa bado sijajua nitamwambia nini, ila nilijua neno la kwanza, lile la Padri Anselme. Nilishika bega lake, upande wa kulia, nikaanza na “kama.”